Programu ya Kufarijiana

Mshona vifungo alikuwa na dharau ya kuwagawia kiwanda kizima na ikabaki, lakini fungu nono alimwekea afisa utumishi, yule waliyempachika jina la Madamu Slaidi kwa sababu hata kusalimia hakuweza bila projekta.

Kisa chenyewe kilikuwa kikundi cha kufarijiana. Watu saba, mshona vifungo akiwemo, walikutana kila Jumatano saa ya chakula nyuma ya marobota ya vitambaa, kila mmoja akasema lililomsibu, basi, wakarudi kazini. Hapo ndipo shemeji yake, mkata vitambaa, alipokiri kwamba tangu mkewe afariki mikono inamtetemeka mbele ya kisu cha mashine. Marehemu alikuwa dada yake mshona vifungo. Wote walijua kuwa msimamizi akipata habari hiyo shemeji hana kazi, na watoto watatu wanamtazama yeye. Wakafunga midomo.

Kisha ofisi ikasikia kuwa kuna kikundi. Na ofisi ikisikia jambo linakwenda vizuri, haitulii mpaka imeliharibu. Vikao vya marobota vikapigwa marufuku. Sasa watu wangefarijiana kwenye simu. Madamu Slaidi akaleta programu tatu, na mshona vifungo akateuliwa kuwachagulia wenzake.

Ya kwanza ilidai barua pepe, na nusu ya kiwanda hawakuwa nayo. Ya pili ilikuwa na sauti ya mwanamke anayebembeleza mtu avute pumzi. Mpiga pasi alisema hilo analiweza tangu azaliwe. Ya tatu ndiyo iliyomkosesha Madamu usingizi kwa furaha.

"Siri tupu," alisema. "Mwandishi anajiona 'Mimi'. Wengine wanaona namba ya kazi tu. Jina hakuna."

Mshona vifungo alimkodolea macho aone kama anatania. Hakuwa anatania. Miaka minne mwanamke huyu amekaa ghorofani, na hakujua kuwa huku chini majina huachwa nyumbani. Namba imeshonwa kifuani kwa kila koti. Watu wanaitwa kwa namba, wanatumana kwa namba, hata kusengenyana wanasengenyana kwa namba.

Sentensi moja ingetosha kumzindua. Lakini mshona vifungo alishaanza kuonja utamu wa siku ya uzinduzi, Madamu akiumbuka mbele ya meneja. Hakufikiria kuwa mtu mwenye akili zake angeandika la maana humo.

"Hiyo hiyo, Madamu," alisema, akatia saini. "Inatufaa sana."

Tangazo lenye saini yake likabandikwa, programu ikaingizwa kwenye simu za wote, na Ijumaa wakakusanywa kwenye chumba cha kulia. Meneja alikaa mbele, msimamizi pembeni yake. Madamu akawasha projekta, na ukutani ukatokea ujumbe wa kwanza, na wa pekee.

"Tayari mwenzenu amefunguka," alisema kwa fahari, akausoma kwa sauti. "Mia mbili kumi na mbili anasema: Mke wangu ana miezi mitano kaburini. Nikiwasha mashine mikono inatetemeka. Juzi nusura nijikate vidole. Sijui nimwambie nani."

Hakuna aliyecheka. Vichwa viligeukia kiti kimoja.

"Mia mbili kumi na mbili," msimamizi alisema bila kuinuka. "Kuanzia sasa usiguse mashine. Pita ofisini uchukue barua yako."

Madamu Slaidi alitabasamu kwa meneja. "Mmeona? Hata dakika haijapita, ameshahudumiwa."

Mshona vifungo alitaka kumtukana, na matusi alikuwa nayo ya kutosha, lakini shemeji yake alikuwa ameshasimama na anakuja upande wake. Alipomfikia alisita. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomkata maini.

"Niliona umetia saini, shemeji," alisema. "Na kwangu ilionyesha 'Mimi' tu. Nikajua utakuwa umeangalia."