Kapteni wa Nguvumali

Baada ya masomo sita tu ya kurusha ndege, Twalibu alishonesha shati jeupe lenye mistari minne ya dhahabu begani, akataka mtaa mzima wa Nguvumali umwite Kapteni. Jumamosi aliwaleta wakwe zake uwanjani wamwone akiruka.

Mimi ndiye mwalimu wake. Nilimwambia aikague ndege. Akaizunguka huku akipigwa picha. Tukapanda. Injini ikanguruma kama yeye mwenyewe, na kama yeye, ndege haikusogea hata shubiri. Hakuwa ameifungua kamba iliyofunga mkia ardhini. Niliiona tangu mwanzo, nikanyamaza.

Tuliposhuka, mama mkwe wake, aliyekuwa amefumba macho akisoma dua ya safari, aliniuliza kwa upole, "Mmesharudi salama, mwanangu?"