Pindo la Kukua

Nasambu hakuwahi kumshonea mtoto nguo ya kumtosha leo tu. Kila sketi na kila kaptura ya shule iliyotoka kwenye cherehani yake pale Makina, Kibera, ilikuwa na pindo nene lililokunjwa kwa ndani, na akiikabidhi alimwambia mzazi kwamba amemwachia mtoto pindo la kukua. Mwaka ukiisha mzazi alifumua uzi, sketi ikashuka, mtoto akaendelea na masomo bila aibu. Mafundi wenzake walimcheka, wakasema anajinyima kazi ya mwaka ujao. Lakini yeye alikuwa bibi mwenye wajukuu, na alijua watoto wanavyorefuka.

Mteja wake mkubwa alikuwa Beth, ambaye watu walimwita Mama Kabiru, mwenye ploti ya nyumba za kupangisha Kawangware na mwimbaji wa mbele katika kwaya ya kanisa lake. Nasambu alikuwa ameishonea kwaya hiyo majoho ya rangi ya damu ya mzee. Wapangaji waliiogopa sauti ya Mama Kabiru. Nasambu, au Mama Wesonga kama mwenyewe alivyomwita, hakuiogopa. Siku moja ya mvua alikuwa amemwona akivua sweta lake na kumfunika mtoto wa mpangaji, kisha akamgombeza mama wa yule mtoto kabla hajapata nafasi ya kushukuru.

Alhamisi moja ya mwaka wa tisini na tatu, Mama Kabiru alimwita haraka. Nasambu akavuka Ngong Road kwa miguu, akafika na kumkuta mgeni sebuleni, kijana mrefu, mwembamba, mwenye suti moja na viatu vilivyochoka. Aliitwa Andris, na alikuwa ametumwa na nchi yake, Latvia, kuja kwenye mkutano wa mataifa kule Gigiri. Wajumbe wa nchi nyingine walikuja na makatibu na madereva. Huyu alikuwa mjumbe, katibu na mbeba mkoba wake mwenyewe. Nchi yao ilikuwa imepata tena uhuru wake juzijuzi tu, haikuwa na chochote cha kuchezea, na ndiyo maana alikuwa amepanga chumba cha wageni kwa Mama Kabiru badala ya kulala hotelini.

Shida yake ilikuwa moja. Sanduku lake lilipotea njiani, na bendera ilikuwa ndani. Jumatatu asubuhi bendera zote zingepandishwa kwa safu, za ukubwa mmoja, na asiyekuwa na yake mlingoti wake ungebaki mtupu. Ilikuwa mara ya kwanza nchi yake kuitwa kwenye mkutano huo. Mama Kabiru alitafsiri hayo yote kutoka Kiingereza akiwa amekunja uso, kana kwamba sanduku ni yeye aliyelipoteza.

Mgeni akachora kwenye kipande cha karatasi: juu damu ya mzee, katikati mstari mweupe, chini damu ya mzee tena. Akaeleza kwamba zamani sana mkuu wao alijeruhiwa vitani, akalazwa juu ya shuka jeupe. Shuka likaloa damu pande zote mbili, na pale alipolala pakabaki peupe. Nasambu akatikisa kichwa kwa huruma. Akauliza ukubwa unaotakiwa, akasema Jumamosi itakuwa tayari.

Kitambaa alikuwa nacho, baki la yale majoho ya kwaya, na cheupe cha mashati ya shule. Lakini alipokaa kwenye cherehani na kuitazama karatasi, ule mstari mweupe ulimsumbua. Ulikuwa mwembamba mno. Alimkumbuka yule kijana na shati lake lililofuliwa usiku na kuvaliwa asubuhi, akaona wazi kwamba amechora kwa haya, asimmalizie fundi kitambaa cheupe. Watu wengi wa Kibera humwomba fundi hivyo, wakitaja kidogo wanachodhani wanastahili. Nasambu hakuwa mtu wa kumpimia mgeni kwa kijiko. Akaupanua weupe mpaka ukalingana na ile mikanda mingine miwili, akashona kwa mshono mdogo ulionyooka, akapiga pasi ya mkaa.

Jumamosi mchana aliipeleka. Mgeni aliikunjua, akashukuru kwa maneno mazuri sana. Akaushika mkono wa Nasambu kwa mikono yake miwili. Chai na mkate vikaletwa. Lakini Nasambu alikuwa amewakabidhi watu nguo maisha yake yote, na alimjua mtu aliyefurahi na mtu anayemfurahisha fundi. Mgeni aliikunja bendera taratibu, akaiweka magotini, na mkate wake hakuugusa.

"Mama Kabiru, muulize ina nini," Nasambu akasema. "Asinifiche. Mimi si mtoto."

Mama Kabiru akauliza. Kijana akajikuna shingo, akajibu polepole, na Mama Kabiru akatafsiri hali akijizuia kucheka.

"Anasema bendera ni nzuri sana, mama. Shida ni kwamba ina wenyewe. Hiyo ni karibu kabisa na bendera ya nchi nyingine, na hao watakuwa hapo Jumatatu."

Nasambu akaweka kikombe chini. Alieleza kwa nini aliupanua ule weupe, na Mama Kabiru alipotafsiri, mgeni alicheka mpaka akafuta macho. Akasema hajawahi kuona mtu akiiharibu bendera yao kwa ukarimu. Akaonyesha kwa viganja: weupe kiganja kimoja, damu ya mzee viganja viwili juu na viwili chini.

Kupunguza weupe kulikuwa rahisi, ila bendera ingefupika, na mgeni akasema haidhuru, nchi ndogo inaweza kuwa na bendera ndogo. Nasambu alikataa. Katikati ya zile bendera za wakubwa ingeonekana kama foronya iliyoanikwa. Ilihitajika damu ya mzee zaidi, na yeye hakuwa amebakiwa hata na kiraka. Alikonunua kitambaa kile walifunga Jumamosi adhuhuri na kufungua Jumatatu, bendera zikiwa tayari juu.

Mama Kabiru aliinuka. Aliingia chumbani, akarudi na joho lake la kwaya, limepigwa pasi tayari kwa kesho yake, ambayo ilikuwa siku ya makanisa kukutana na kuimba. Akalitupa mapajani mwa Nasambu.

"Kata," akasema. "Na usiniangalie hivyo, Mama Wesonga. Utanishonea lingine, na hilo nalo linanibana kwapani."

Wakaondoka watatu kwa miguu kurudi Makina, cherehani ilipokuwa. Jirani yake Nasambu, fundi viatu aliyeitwa Walubengo, aliwaona wakija na mzungu akauliza kama kuna harusi. Aliposimuliwa kisa chote aliacha nyundo.

"Niaje, Kukhu," akasema, maana vijana wa kwao walimwita Nasambu hivyo, yaani bibi. "Mtu amekuja kwako na nchi yake, wewe umemhamishia kwa jirani."

Nasambu akamwambia alete kigoda cha mgeni na apunguze mdomo.

Kazi ikaanza. Nasambu alikata joho, Mama Kabiru akashika pasi, na mgeni akaomba wembe ili afumue mshono wa zamani. Walidhani ataichana bendera. Lakini alifumua vizuri, akikata uzi hapa na pale na kuuvuta, bila kuumiza kitambaa. Nasambu akataka kujua amejifunzia wapi. Hapo ndipo kijana akawasimulia maisha yake, na Mama Kabiru akawa anayapokea kwa Kiingereza na kuyatoa kwa Kiswahili juu ya pasi.

Alizaliwa mbali na kwao, kwenye nchi ya theluji ambako jamaa zake walipelekwa kwa nguvu. Bibi yake alishona huko nguo za watu, na ndiye aliyemfundisha kufumua. Walipoachiliwa kurudi, bibi alishona bendera kama hii, ambayo wakati huo ilikuwa kosa kuwa nayo, akaificha ndani ya mto wa kulalia. Andris alilala juu ya mto huo utoto wake wote bila kujua. Akasoma, akawa mwalimu wa lugha. Kisha ikaja siku ambapo watu wa nchi yao na za jirani walishikana mikono barabarani, safu isiyoonekana mwisho, kudai nchi zao, naye alikuwa hapo na bibi yake pembeni. Nchi iliporudi ilihitaji watu wa kutumwa huku na huku, na yeye alijua Kiingereza na alikuwa na suti. Ndivyo alivyopata kuwa mjumbe.

"Na bibi?" Nasambu akauliza.

Bibi aliufumua mto, akaitoa bendera, akaitundika dirishani. Alifariki mwaka uliofuata, akiwa ameiona.

Nasambu akakanyaga cherehani tena. Walubengo, ambaye hakupenda huzuni ikae, akasema mtu aliyelala juu ya bendera miaka yote hiyo lazima siku moja awe rais. Mgeni alipotafsiriwa hayo akainua mikono, akasema Mungu amwepushe, yeye hata sanduku lake limemshinda kulinda.

Bendera ikatoka. Maungio ya joho yalijificha kando ya juu na ya chini, usingeyaona mpaka uambiwe. Mgeni aliupima weupe kwa kiganja, akabaki amekiweka pale pale. Safari hii mkate alioletewa aliula. Kisha akaona kwamba ule upande wa kupeperuka una pindo nene kuliko kawaida, akauliza ni la nini.

"Mwambie nimemwachia pindo la kukua," Nasambu akasema. "Akikua, afumue."

Jumapili kwaya ya Mama Kabiru ilisimama mbele na majoho yao ya damu ya mzee, na katikati yao Mama Kabiru kwa blauzi nyeupe, akiimba kwa sauti ileile ya kudai kodi. Mgeni alikuwa amekaa na Nasambu. Alitazama wale waimbaji wa kulia, wale wa kushoto, na ule weupe katikati, akaanza kutikisika kwa kicheko. Nasambu naye akaona. Mama Kabiru alikuwa mtu wa mwili mpana.

"Weupe umezidi tena," akamnong'oneza, na ingawa kijana hakujua Kiswahili, alielewa.

Jumatatu jioni alirudi kutoka Gigiri akikimbia tangu langoni kama mtoto aliyefunga shule. Bendera ilipanda na zote, ukubwa uleule, na upepo ulikuwepo. Alipoondoka kurudi kwao aliikunja akaiweka kwenye mkoba wa mkononi, maana masanduku hakuyaamini tena.

Miaka ikapita. Mama Kabiru akapata joho jipya, akalalamika kwapani. Kisha, kabla miaka ya tisini haijaisha, aliingia Makina siku moja akihema, amefunga kitambaa cha kichwa kombo. Alikuwa amesikia redioni kwamba bunge la Latvia limemchagua rais, na jina lilikuwa lilelile la mgeni wao, na redio ilisema alikuwa mjumbe wa nchi yake huku na huku.

Walubengo akadai palepale kwamba yeye ndiye aliyemteua, na viatu vya ikulu viletwe kwake. Nasambu alicheka nao. Kisha akauliza kama redio imesema anakula vizuri, maana alikuwa mwembamba sana yule. Redio haikuwa imesema.

Akarudisha sketi chini ya sindano, akakunja pindo lake kwa ndani, vidole vitatu kama kawaida.

"Haya basi," akasema. "Sasa afumue."