Kokwa Mbili za Tende

Sfaksi nzima hakuna anayefunga waya kama mimi Wannas. Jeki ikishapita mikononi mwangu, nikiiambia panda inapanda, nikiiambia shuka inashuka, kama mbuzi aliyelelewa nyumbani.

Ami Shadli, mwenye kinu, alinipa mashine moja ya kukamulia zeituni kwa jeki, niifunge swichi na rilei, zile swichi ndogo zinazoamshwa na umeme. Msimu ukiisha salama, ya pili nayo ingekuwa yangu kuifunga, na jina la fundi juu yake. Ikileta balaa, ningerudi kuosha mikeka ya kukamulia.

Niliifunga vizuri, wallahi. Vitufe viwili, kila mkono na chake. Kila kitufe kinaamsha rilei yake, na pampu haiwaki mpaka rilei zote mbili zishike. Ukiachia kimoja tu, jeki inashuka. Kwa hiyo mikono yako iko kwenye vitufe, haiko mdomoni mwa mashine.

Lakini mafuta mapya yanachuruzika, mkate wa shayiri una moto, nani atasimama kama mateka? Nikala tende mbili, kokwa nikazishindilia pembeni mwa vitufe. Vikabaki vimezama. Mikono huru, mdomo kazini.

Asubuhi hiyo zamu ya kukamuliwa zeituni ilikuwa ya bibi mmoja, Khala Manubia. Kwetu mtu hazipi mgongo zeituni zake, zisije zikachanganywa na za jirani. Basi alikaa nyuma ya magunia, kajifunika shuka lake jeupe gubigubi. Nilidhani amelala.

Jeki ikaanza kuinua mrundo wa mikeka iliyopakwa zeituni zilizosagwa. Nikaona wa juu umekaa upande, nikanyoosha mkono niuweke sawa. Mkono wa kachabia yangu, joho zito la sufu, ukanasa kwenye ukingo wa sahani ya chuma iliyokaa juu ya mrundo.

Nikavuta. Wapi! Sufu aliyosokota mama haichaniki, ndiyo sifa yake. Mrundo ukapanda, nami nikapanda nao kwa ncha za vidole vya miguu. Juu kipo kichwa cha mashine, chuma kitupu kisichosogea. Kati yake na mkono wangu, shubiri moja. Kujivua? Kachabia huvuliwa kichwani, na mkono umeshikwa. Nikarusha mguu kuelekea vitufe. Hatua tatu, na mimi si korongo. Rilei zangu zimetulia kisandukuni, zinanitii.

Vidole vinne. Vitatu. Chuma kikanigusa kucha, baridi.

"Khala!" Sauti ilitoka nyembamba kama ya kifaranga.

"Ngoja, mwanangu, magoti haya."

Ndala zikaburuzika, taratibu, taratibu. Kisha tak, tak: rilei zikaachia. Jeki ikashuka.

Ami Shadli akaingia mbio. "Kelele za nini?"

"Rilei, Ami! Zimeganda! Za siku hizi takataka tupu. Bahati yako fundi wako ana akili za haraka."

"Zimeganda zote mbili?"

"Kwa pamoja, Ami. Mapacha."

Akatikisa kichwa kwa huruma. "Basi nitanunua zilizo bora, ufunge na ile mashine ya pili."

Khala Manubia akakohoa, akafumbua kiganja.

"Shadli, hebu nielimishe mie nisiyesoma. Hizi rilei za siku hizi, zinaota kwenye mtende?"

Ami akazitazama zile kokwa.

"Na tende zenyewe," Khala akaongeza, "zimetoka kapuni mwangu. Nilikuwa namtazama tangu mwanzo, nikisema nimwache mtoto ale."