Kompyuta ya Maikrowevu

Bibi alipopokea pesa za zamu yake kwenye kikundi cha kuweka akiba, alituita mimi na kaka yangu, akafungua mkoba, akagawa pesa mafungu mawili sawasawa na kumpa kila mmoja lake. Kisha akashika ufunguo uliokuwa ukining'inia shingoni mwake.

"Huu ni wa chumba cha mbele," alisema, kana kwamba hatukuujua. "Nataka kiwe chumba cha gemu. Watoto wa mtaa huu wanavuka barabara kuu kwenda kucheza, na mimi nina dirisha limekaa bure. Kila mmoja aniletee kompyuta moja ya kuchezea gemu. Jumamosi nitaziendesha mwenyewe. Itakayonipendeza, aliyeileta anapata ufunguo. Nyingine irudi ilikotoka."

"Bibi, utaendesha wewe?" Kaka aliuliza.

"Pesa ya nani?"

Kaka akatia fungu lake mfukoni.

Kaka aliutaka ufunguo ili awe meneja. Tangu asubuhi ile rafiki zake walikuwa wakimwita Meneja, na kila akiitwa alikuwa akijikohoza kidogo kabla ya kuitika. Mimi niliutaka kwa ajili ya meza. Chini ya dirisha la chumba cha mbele pana nafasi ya meza moja, na kwa muda mrefu nilikuwa nikiiona pale: bisibisi zangu, taa yangu, na mashine za watu zikingoja niziponye. Sikumwambia mtu. Watu wakiwa zaidi ya wawili ulimi wangu hulala. Nikiwa na la kusema namnong'oneza Bibi, naye hulisema kwa sauti, ila huongeza chumvi ya kwake.

Kwa miaka minne nilikuwa nikifagia karakana ya Mjomba, fundi wa kompyuta. Nilifagia, nilichemsha chai, nilibeba mashine za wateja kutoka mlangoni hadi mezani na kutoka mezani hadi kwenye rafu. Shule niliiacha katikati ya darasa la tano, kwa hiyo maandishi yaliyo kwenye vipande vya kompyuta sikuweza kuyasoma. Nilivijua kwa umbo na uzito, kama mtu anavyowajua wajomba na shangazi zake kwa mwendo. Mjomba alikuwa na sheria moja: skrubu ikianguka sakafuni na isiokotwe hadi jioni, ni ya ufagio. Ufagio ndio mimi. Nilikuwa na kopo zima la skrubu.

"Nunueni vipande, muunde," Mjomba alituambia sote wawili. "Ukinunua iliyo tayari unalipia kompyuta, unalipia taa, na unalipia maneno ya muuzaji. Kwa pesa hii ndogo, maneno yatakula nusu."

"Ya dukani ina dhamana," Kaka alisema. "Ya huyu ina nini?"

"Ina ufagio," Mjomba akajibu, akaendelea kunywa chai.

Kaka alikwenda kwa Bwana Taa. Watu walimwita hivyo kwa sababu dukani kwake hakuna kisichowaka, hata kikokotoo. Alirudi Jumatano na sanduku refu jeusi lenye taa saba na kioo cha giza ubavuni. Nyuma, juu ya skrubu moja, palibandikwa karatasi ya muhuri. Dhamana ilikuwa ya siku saba, mradi muhuri usiguswe.

"Nibebee uiweke chumba cha mbele," aliniambia. "Na usiifute vumbi. Ipanguse kwa macho."

Nikaibeba. Nilipofika katikati ya ua nikasimama. Kona ya mbele chini ilikuwa ikinivuta. Nimebeba mamia ya kompyuta, na kona hiyo haina kitu. Ni hewa tupu. Hii ilikuwa na hewa nzito sana.

Nikaifikisha chumbani hivyo hivyo.

Yangu niliiunda kwa siku tatu kwenye kona ya karakana. Pesa nyingi niliitia kwenye kadi ya picha, ile inayochora magari na barabara kwenye skrini. Mjomba alikuwa nayo moja, imetoka kwenye ofisi ya wachora ramani za nyumba iliyofungwa, naye akaniuzia kwa bei aliyoinunulia. Nilitaka kubana kwenye pawa, kile kisanduku kinacholeta umeme, lakini Mjomba akanipiga kofi mkononi. "Hapo usibane. Ikiungua inaondoka na wenzake." Basi nikabana kwenye kasha. Kwenye rafu ya marehemu, yaani mashine zisizopona tena, palikuwa na maikrowevu aliyoitoa matumbo zamani. Lilikuwa sanduku zuri la bati, lina matundu ya kupitisha hewa na mlango unaofunguka kwa kubonyeza.

Chenji iliyobaki nilinunua rangi za kucha, nyekundu, bluu na njano. Kila waya na tundu lake nilivipaka tone la rangi moja, ili nisikosee. Skrubu nilitoa koponi, hakuna mbili zilizofanana.

Bibi alipoiona akaizunguka mara mbili. "Mjukuu wangu, hii itacheza au itapasha chakula?"

"Itacheza, Bibi."

"Haya. Ikishindwa kucheza, ipashe."

Ijumaa mchana Bibi alikwenda sokoni na Kaka akaenda kuutangazia mtaa mzima. Nilibaki na mashine zote mbili, na ile hewa nzito. Nilichemsha chai. Nikiwa katikati ya kikombe, birika lilikuwa bado linatoa mvuke, nikalisogeza karibu na muhuri wa Bwana Taa. Nimefungua bahasha nyingi za Mjomba kwa njia hiyo, tena kwa ruhusa yake, maana anapenda kurudia kutumia stempu. Karatasi ikajikunja yenyewe taratibu. Nikaibandika kwenye kioo isipotee.

Nilipofungua sanduku nilikaa chini kwanza. Halafu nikacheka peke yangu mpaka chai ikanitoka puani.

Ningeweza kumwita Kaka. Lakini nilimjua. Angesema nimeliweka mimi lile nililoliona. Bwana Taa angesema muhuri umevunjwa, dhamana imekufa, na pesa ya Bibi ingekufa nayo. Ilibidi Bwana Taa aseme yeye kwanza, kwa mdomo wake, mbele ya watu. Kwa hiyo nikachukua bisibisi, nikafanya kazi hadi adhana ya alasiri, nikarudisha muhuri mahali pake, nikaosha birika.

Jumamosi chumba kilijaa. Watoto walining'inia dirishani kama nguo kwenye kamba. Bwana Taa alikuja amealikwa na Kaka, amevaa viatu vyeupe, mkononi ana kadi za biashara za kugawa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayeuza taa?"

"Nauza kompyuta, mama. Hii imetoka kiwandani moja kwa moja, haijaguswa na mkono wa binadamu."

Bibi alivaa miwani, akakaa, akaagiza waanze na ile ya Kaka. Gemu lilikuwa la mbio za magari. Gari la Bibi liliteleza barabarani kama sabuni kwenye beseni. Bibi alilalia kila kona na mwili mzima.

"Pisha! We mwenye gari jekundu, huoni mtu mzima anapita? Pisha!"

Watoto walipiga kelele. Alimaliza wa tatu, akajipepea. Bwana Taa akagawa kadi nane.

Kisha wakahamisha waya wa skrini kwenye maikrowevu. Hapo gari lilikwenda hatua mbili, likasimama kuwaza, likaruka, likatokea ndani ya ukuta. Bibi alikata kona ambayo skrini ilikuwa haijaionyesha bado. Lilipogeuka juu chini, skrini ikazimika kabisa.

"Dada, weka dakika mbili tena, haijaiva!" mtoto mmoja aliita kutoka dirishani, na chumba kizima kikaanguka kwa kicheko.

Kaka alicheka kuliko wote. Alinishika bega. "Mdogo wangu, usijisikie vibaya. Utakuwa unafagia hapa badala ya kule. Meneja nitakuruhusu." Akanyoosha kiganja mbele ya Bibi. "Ufunguo, Bibi."

Bibi alianza kuuvua shingoni.

Huu ndio wakati niliokuwa nimeungoja, na ulimi wangu ukalala. Nilihesabu watu kumi na tisa bila wa dirishani. Nikaona ile meza yangu chini ya dirisha ikiondoka polepole, na aliyeisukuma ni mimi mwenyewe. Kamba ya ufunguo ilikuwa imefika sikioni mwa Bibi. Nikamvuta nguo.

"Bibi," nilinong'ona, "muulize kama vilivyomo kwenye sanduku jeusi ni vyake vyote."

Bibi akageuka kwa Bwana Taa. "Mjukuu wangu anauliza kama wewe ni mwizi."

"Bibi!"

"Anasema hakuuliza hivyo. Anauliza vilivyomo humu kama ni vyako vyote."

"Vyangu vyote, mama. Nimevifunga kwa mikono yangu hii."

"Si ulisema kiwandani?"

"Kiwandani, halafu mikono yangu. Muhuri huo hapo."

Nikanong'ona tena. Bibi akasikiliza, macho yakaanza kumng'aa. "Na hii ya kupashia chakula, fundi, unaionaje?"

Bwana Taa aliinama mbele ya maikrowevu, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. "Mama, nikuambie ukweli? Aliyekuuzia vitu vilivyomo humu amekuibia. Mimi ningekuwa yeye ningerudisha pesa yote leo hii hii, na nauli juu."

"Yote?"

"Yote, mama."

"Na nauli?"

"Na nauli!" watoto wa dirishani wakamsaidia.

Bibi akamtazama Mjomba. "Umesikia?"

"Kwa masikio yote mawili," Mjomba alisema.

Nikatoa bisibisi mfukoni. Mikono yangu haina haya, hata nikiwa nayo mimi. Niligusa muhuri, ukatoka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Bwana Taa aliacha kugawa kadi. Nilipouondoa ubavu wa sanduku jeusi, Mjomba alisogea, akachungulia, akavua miwani, akaifuta, akachungulia tena.

"Hii kadi nilimuuzia binti huyu mimi," alisema. "Hizi rangi za kucha nazijua. Na hizi skrubu, ndugu zangu, kila moja imeanguka kwenye sakafu yangu!" Akacheka mpaka akashika ukuta.

Kaka alinitazama, akatazama sanduku, akanitazama. "Sasa vya kwangu viko wapi?"

Nikabonyeza kitufe cha maikrowevu, mlango ukafunguka.

Ndani, kila kipande kilikuwa na kibandiko cha duka la Bwana Taa, namba ya simu na kila kitu. Kadi ya picha haikuwepo kabisa, alikuwa ameacha mahali pake wazi. Na kwenye kona, limefungwa kwa gundi ya karatasi nyeusi, palikuwa na jiwe la mizani la kilo mbili, lile la chuma la kupimia maharagwe.

Bibi alilibandua, akalipima mkononi. "Kumbe siku hizi kompyuta zinauzwa kwa kilo."

"Hilo, mama, ni la kuzuia mtetemo," Bwana Taa alisema.

"Mbona wewe unatetemeka?"

"Lakini muhuri umefunguliwa! Dhamana imekufa."

"Dhamana imekufa," Mjomba alikubali, "ila neno lako ni zima kabisa. Tumelisikia likipumua."

"Na nauli!" watoto waliimba. "Na nauli! Na nauli!"

Bwana Taa alitazama mlango, akakuta Kaka amesimama hapo, na Kaka hakuwa akicheka tena. Akatoa simu. Alilipa yote, akaongeza nauli, ingawa tunakaa hatua mia moja kutoka dukani kwake. Nikavitoa vitu vyangu, nikamrudishia vyake, akaondoka na taa zake saba kwapani. Jiwe la mizani Bibi alikataa kulitoa, alisema ni la ushahidi.

Watu walipotawanyika Kaka alibaki amekaa kwenye kizingiti.

"Ungeniambia tu," alisema.

"Ungeniamini?" Niliuliza mwenyewe, kwa sauti, bila Bibi.

Alifikiri kwa haki. "Hapana."

"Haya basi."

Bibi akanivisha ufunguo. Alinitaka nivirudishe vitu vyangu ndani ya maikrowevu kabla ya jua kuzama, kwa sababu, alisema, atakayekuja kucheka atalazimika kulipa kucheza. Ndivyo ilivyo hadi leo. Kwa pesa iliyorudi niliunda ya pili, safari hii Kaka akinishikia taa na kuuliza kila skrubu ina kazi gani. Yeye ndiye anayesimama nje kuwaita watu, maana mimi kupiga kelele siwezi, naye anajiita Meneja wa Nje. Jiwe la kilo mbili linazuia mlango usijifunge.

Meza yangu iko chini ya dirisha. Karakana sasa Mjomba anafagia mwenyewe, na juzi nilimkuta kapiga magoti sakafuni na kopo jipya, anazitafuta skrubu zake kabla ya jioni.