Msichana Aliyekataa Kugeuzwa

Kiwandani pale walipochapa vitabu palikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: ukurasa hauingii mashineni mpaka usomwe kwa sauti. Mmoja anasoma, nukta na mkato akivitaja, mwingine anafuatisha kwenye nakala kwa rula. Ukianza sentensi unaimaliza. Ukishaizoea kazi hiyo, macho husoma, mdomo husema, na akili huwa iko sokoni inachagua nyanya.

Mpangaji wa herufi, aliyeitwa Bwana Koti, alikuwa mwanamke. Jina lilitokana na koti la kiume alilolivaa jua na mvua, tangu siku Mkuu wa kiwanda alipomfuata stoo ya karatasi na kufunga mlango kwa ufunguo. Hakumwambia mtu. Alinyoa nywele, akanunua koti, akajifanya gogo. Wenzake walicheka, naye akacheka nao. Maji yakimwagika hayazoleki, alijiambia, na kila alipojiambia hivyo alizidi kuichukia ile methali.

Kwa miaka tisa alipanga matoleo matatu ya ngano moja ya kale ya Wayunani. Msichana anavamiwa ufukweni na mungu wa bahari. Mungu akishatosheka anamwambia aombe chochote, naye anaomba awe mwanamume, asije akaumizwa tena. Anageuzwa. Wasimulizi waliokuja baadaye walitia kila mmoja chumvi yake: wa kwanza alimfanya shujaa wa vita, wa pili akampa mabawa awe ndege, wa tatu akamrudisha kuwa mwanamke alipokwisha kufa. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza mungu swali. Bwana Koti alikereka mpaka akaandika toleo la nne, na kitabu cha ngano kilipopungukiwa kurasa sita, akalichomeka humo.

Asubuhi ya kuhakiki, Mkuu aliingia ukumbini na kurasa mkononi, hajazitupia jicho.

"Nasikia fundi wetu wa herufi siku hizi ni mtunzi," alisema. "Leo nasoma mimi. Shika nakala, Bwana Koti. Tucheke kidogo kabla ya chai."

Bwana Koti alichukua nakala. Mkuu akishtuka mapema, hadithi itaishia pipani, na yeye hatapata tena ujasiri wa kuisema. Aliweka rula kwenye mstari wa kwanza.

Mkuu alikuwa ameanzia kazi kwenye usahihishaji, na mazoea yana tabu. Alisoma mbio mbio:

"Mungu hakutoka baharini, nukta. Aliingia kwa mlango, mkato, ufunguo mkononi, mkato, pipi ya mnanaa mdomoni, nukta. Akasema karatasi hazina masikio, mkato, piga kelele utakavyo, nukta."

Watu waliacha kazi. Katika kimya kile pipi ya mnanaa iligonga meno ya Mkuu.

"Maneno hayo nayajua," alisema Bibi Gundi, mama wa makamo aliyebandika majalada. "Na mimi niliambiwa hivyo hivyo. Stoo ile ile."

Hapo ndipo akili ya Mkuu ilipotoka sokoni. Alikunja kurasa.

"Hii haichapwi. Ngano ya kale haibadilishwi."

"Imebadilishwa mara tatu, na mara zote ulinipa mimi nipange." Sauti ya Bwana Koti ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Malizia, Mkuu. Kusoma hakuachwi njiani."

"Nitakufukuza kazi."

"Nifukuze. Lakini watu wasikie mwisho."

Mkuu alizitupa kurasa sakafuni, akaelekea ofisini kwake. Bibi Gundi aliinama akaziokota, akavaa miwani. Hakuwa msomaji, vituo vyote aliviruka, akasoma polepole.

"Mungu akasema omba utakalo. Msichana akasema sina kasoro hata nigeuzwe. Mwili huu ni wangu na nitatembea nao. Wa kubadilika ni wewe, na usipobadilika nitakutaja kila nitakapopita."

Kuna mwanamke mmoja alilia. Bwana Koti hakulia. Alikuwa na hasira, na kwa mara ya kwanza hasira ile haikumwelekea yeye mwenyewe.

Fundi wa mashine alifuta mikono. Huyu kwa miaka yote alikuwa mtu wa kutoona, kutosikia na kwenda zake nyumbani.

"Imesomwa kwa sauti," alisema, kama anayeongea na mashine. "Sote tumesikia. Nakala ngapi, dada?"

"Elfu tatu zilizoagizwa. Na moja ya pembeni, sasa hivi. Naipeleka polisi mwenyewe, nikaeleze jina la huyo mungu."

Bibi Gundi alikuwa ameshavua aproni na anatafuta mkoba wake.

"Fanya mbili," alisema.