Behewa la Mwisho

Reli ya zamani iling'olewa, ikawa njia ya baiskeli tupu, haiingii gari wala pikipiki. Huguette, aliyezeeka akifunga na kufungua geti pale barabara inapokatiza, leo alikuwa akiipita mwenyewe kwa mara ya kwanza, juu ya baiskeli, alizeti huku na huku, roho kwatu. Mumewe Firmin alikuwa nyuma huko, akihema na kikapu cha mkate na jibini.

Penye geti la zamani, trekta la Anselme lilisimama kumpisha. Mkulima huyo alimtukana Huguette miaka nenda miaka rudi kwa kumfungia njia.

"Pita basi, bibie! Hata reli imeng'olewa, bado wanisimamisha?"

"Zima injini, Anselme, utamaliza mafuta bure."

Akavuka kwa maringo kama bibi harusi. Anselme akatia gia. Huguette akaruka chini, akanyoosha mkono vilevile kama enzi za kazi.

"Simama hapo!"

"Nini tena, jamani?"

"Behewa la mwisho halijapita!"

Firmin akachomoza kwenye kona, jasho linamchuruzika. Alikuwa amesikia yote.

"Puuuu!" akapiga honi kwa mdomo.

Anselme akavua kofia, akaipungia treni.