Pua ya Mfalme

"Kabati nimelinunua, na kilichomo kabatini nimekinunua," alisema fundi cherehani, kasimama mlangoni kwake, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Kwa hiyo ningesahau meno yangu ya bandia humo, leo ungekuwa unatafunia," akajibu Mama Birika, jirani wa mlango wa pili, mjane aliyemuuzia kabati lenyewe.

Watu uani wakaacha mabeseni yao. Nguo huwa hazikimbii.

Kilichokuwa kinagombewa ni nishani ya fedha, pana kama kifuniko cha birika. Fundi aliikuta nyuma ya droo iliyokuwa inakwama. Upande mmoja kichwa cha mfalme, upande wa pili maandishi yaliyozunguka taji. Yeye alitaka kuiuza. Mama Birika hakutaka hela. Marehemu mumewe alikwenda kaburini akisimulia kwamba babu yake alivishwa nishani na mfalme kwa mkono wake mwenyewe, na mtaa mzima ukamcheka, wengine wakimuuliza kama mfalme alibaki kunywa chai. Sasa ushahidi umepatikana, uko mfukoni kwa fundi.

Mwenye nyumba, ambaye shida yake ilikuwa usingizi wa mchana, akakata shauri: nishani ilale kwa zamu, wiki huku, wiki kule, mpaka wote wawili wapate nafasi ya kwenda kwa sonara pamoja.

Hapo ndipo kila mmoja akataka ionekane kwake inatunzwa zaidi. Mama Birika aliisugua kwa majivu. Fundi, asije akaitwa mchafu, akaisugua kwa dawa ya meno. Mama Birika alipoipokea inameremeta hivyo, akachukua waya wa kusugulia sufuria. Kila ikibadilisha mlango watu walisifu, na sifa zikawapa nguvu mpya.

Sonara alikuwa mtu wa maneno machache. Aliiweka kwenye mizani, akaigeuza ukingo, akabana lenzi jichoni.

"Chapa tatu. Ya kiwanda, ya fedha, ya mwaka. Fedha halisi hii."

Mama Birika akaketi wima. Sonara akaigeuza upande wa uso, akaisogeza kwenye mwanga.

"Pua ya mfalme iko wapi?"

Akapitisha kidole pale ilipokuwa.

"Mmeisafisha."

"Kidogo," alisema fundi.

"Kila wiki," alisema Mama Birika.

Sonara akawaeleza, bila kupandisha sauti, kwamba wanaokusanya vitu hivi huutaka ule weusi wa miaka. Ingekuja na weusi wake ingenunua cherehani mpya. Sasa itauzwa kwa uzito wa fedha tu, na uzito nao wameupunguza.

Fundi akaitazama dari. Mama Birika akauliza lililomleta: mfalme alimvisha mtu hii kwa jambo gani?

"Hii hakuvishwa mtu, mama. Ni ukumbusho wa kutawazwa. Ziliuzwa madukani, ndani ya vikasha, kwa yeyote aliyetaka. Tazama, haina hata pete ya kupitishia utepe. Haijawahi kukaa kifuani."

Wakashika njia ya kurudi. Fundi huyu hutangaza mpaka kifungo kilichomdondoka, na leo mdomoni kabeba habari ambayo ingeutosha mtaa mwaka mzima. Mama Birika alilijua hilo kila hatua ya njia. Hakumwomba. Angeanzia wapi?

Uani watu walikuwa wanawangoja, hata mwenye nyumba kaamka.

"Ni fedha halisi," alisema fundi. "Ina chapa tatu. Ya kutawazwa kwa mfalme."

Mmoja akauliza: na yule babu, je? Alivishwa au hakuvishwa?

Fundi akaiweka sawa futi yake shingoni.

"Suti aliyovaa siku hiyo sikuishona mimi," alisema. "Lakini nasikia ilimkaa."

Hakuna aliyecheka. Mwenye nyumba akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa anaamini tangu zamani.

Fundi akaitoa nishani mfukoni, akamkabidhi Mama Birika.

"Zamu yako. Na zamu yangu ikifika, iache tu hapohapo. Ila usiisugue."

Mama Birika aliifunga kwenye pindo la mtandio, akaingia kwake. Vyombo vikasikika. Fundi alikuwa bado kasimama palepale, funguo mkononi, mlango wake hajaugusa.

"Fundi," aliita Mama Birika kutoka ndani, "unalinda nini hapo nje? Ingia, chakula kinapoa."